Baba mdogo na hadithi ya buti: kwa nini askari husimulia vita nusunusu?

Kandili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Leo naliweka hapa kwa sababu najua humu kuna wasomaji wazuri, na kuna waliovaa gwanda.

Baba yangu mdogo alikuwa mwanajeshi. Alikwenda vitani akiwa kijana mdogo kabisa, akarudi mwaka 1979. Tangu nipate akili nimemsikia akisimulia kisa kimoja tu, kile kile, kwa maneno yale yale. Ni usiku, mvua inanyesha, wanatembea mstari mmoja, hakuna ruhusa ya kuwasha hata kiberiti. Buti lake la kushoto linanasa kwenye tope. Anavuta mguu, mguu unatoka, buti linabaki. "Nikarudi, nikainama, nikalivuta, likatoka na sauti kama ng'ombe anatoa mguu bwawani." Hapo anaiga ile sauti kwa mdomo. Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka machozi, naye anacheka nasi. Kisha anasema "basi", anaomba maji ya kunywa. Miezi yote ile, na kilichotufikia ni buti.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kusoma vitabu vya vita kwa sababu yake. Kipande kilichonishika kuliko vyote ni cha Tolstoy, ndani ya Vita na Amani. Tolstoy alikuwa ofisa wa mizinga, alikuwamo Sevastopol ilipozingirwa mwaka 1854 na 1855, kwa hiyo habahatishi. Kuna kijana anaitwa Nikolai Rostov, amepigana kwa mara ya kwanza. Ukweli wa siku ile ni kwamba farasi wake aliuawa, yeye akaanguka akaumia mkono, akamwona Mfaransa anamjia, akamtupia bastola badala ya kuifyatua, akakimbilia vichakani. Baadaye anakutana na vijana wenzake, wanamwomba asimulie. Rostov ni mkweli, anaanza na nia ya kusema yote kama yalivyokuwa. Lakini wanaomsikiliza wameshasikia hadithi nyingi za wapanda farasi kushambulia. Wanajua hadithi ya namna hiyo inavyokwenda, na wanaingojea. Akisema alianguka akakimbia, watamwona yeye ndiye mwenye kasoro. Basi anateleza taratibu bila kukusudia. Anawaeleza alivyowaka, alivyojitupa katikati ya adui, alivyokata kulia na kushoto mpaka nguvu zikamwishia.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Rostov hakukaa akaamua kudanganya. Waliomzunguka walishamkatia nguo, yeye akaivaa.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Zamani nililaumu wasimuliaji: kwa nini hawasemi? Sasa naanza kuamini kwamba hadithi ya askari nusu yake hutungwa na anayeisikiliza. Sisi watoto tulitaka kucheka, tukapewa buti. Naomba michango, hata ya kunipinga.

Ubeti wa Nane

Mleta uzi, asante kwa mada. Mimi naingia kwa mlango wa ushairi, ndio ninaoujua.

Kiswahili kilisimulia vita kwa utenzi muda mrefu kabla hatujaijua riwaya. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, mwaka 1728, ni vita mwanzo mpaka mwisho, ingawa mtunzi anasimulia mambo yaliyopita zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy ni mwingine. Yeye aliishi wakati ule ule wa vita vya Abushiri na Wajerumani, 1888 na 1889, na utenzi wake wa Wadachi kutamalaki Mrima unaandika mambo ambayo watu wake walikuwa bado wana majeraha yake. Halafu Abdul Karim bin Jamaliddini na utenzi wa Majimaji, vita vya 1905 hadi 1907. Shaaban Robert naye alitunga utenzi mrefu sana wa vita vya 1939 hadi 1945, na hakuwahi kuwa askari.

Sasa tazama umbo lenyewe. Vipande vinne, kila kimoja mizani nane, vitatu vya kwanza vinafuatana kwa kina kimoja, cha nne kinafunga na kurudi hivyo hivyo utenzi mzima. Umbo hili linatembea, mguu kwa mguu. Linafaa sana kusema jeshi limetoka, jeshi limefika, fulani kapiga, fulani kaanguka. Kwa ninavyozisoma mimi, tenzi zetu zina mashujaa na zina maiti, lakini mtu mmoja aliyesimama gizani na soksi topeni ni adimu kumkuta. Ubeti haumsubiri, kina cha nne kimeshafika.

Kwa hiyo, mkuu, naongeza kitu juu ya hoja yako. Si msikilizaji peke yake. Hata chombo unachosimulia nacho kina mambo kinayoyakubali na mambo kinayoyakataa.

Mpita Njia

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

Kijana wa Zamu

Kandili, mimi nitakupinga, na nakuomba usichukie.

Kumtupia lawama msikilizaji ni kumpunguzia mzigo msimuliaji. Aliyeona aseme. Wapo waliosema bila kungoja msikilizaji mwema. Erich Maria Remarque alichukuliwa jeshini akiwa na miaka 18, akajeruhiwa mwaka 1917, na riwaya yake ya askari wa Kijerumani wa mahandakini ikatoka kama kitabu mwaka 1929. Miaka minne baadaye Wanazi wakaichoma moto hadharani. Unadhani alikuwa na hadhira ya kumbembeleza? Alisema tu.

Na ukitaka buti, humo lipo. Kijana mmoja, Kemmerich, yuko hospitalini amekatwa mguu, hajui. Chini ya kitanda kuna buti zake nzuri za ngozi laini. Rafiki yake Müller amekuja kumtazama, macho yake hayatoki kwenye zile buti. Ukisoma haraka utamwona mkatili. Ukisoma vizuri unaelewa kwamba kama buti zingekuwa bado na faida kwa mwenzake, Müller angetembea peku juu ya seng'enge kuliko kuzitamani, ila hazina tena, na buti nzuri mahali pale ni uhai. Kemmerich anakufa, buti zinakwenda kwa Müller. Müller anakufa, zinakwenda kwa Paul, askari anayesimulia kitabu. Mwandishi hatoi hotuba hata moja. Buti zinatembea tu, na kila zikibadilisha mguu unajua nini kimetokea.

Tena si lazima uwe umepigana. Stephen Crane alizaliwa mwaka 1871, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha 1865. Akaandika riwaya ya kijana anayekimbia mapigano kwa hofu, ikatoka 1895, na wapo waliopigana vita vile walioamini kabisa kwamba alikuwako. Hakutungiwa hadithi na msikilizaji, alikaa akafikiri.

Kandili

Kijana wa Zamu, siwezi kuchukia mtu aliyesoma hivi.

Lakini chukua kitabu hicho hicho cha Remarque, nenda pale Paul anapopewa likizo kurudi nyumbani. Baba yake anataka asimulie. Anamvuta, anamuuliza maswali, anaona fahari. Paul anaona kwamba baba hajui anachokiomba: mambo yale hayasimuliki hivyo, na yeye mwenyewe anaogopa kuyatia kwenye maneno, yasije yakakua yakamshinda. Kwa hiyo anampa baba vitu viwili vitatu vya kuchekesha. Vya kuchekesha, mkuu! Niliposoma hapo nilimwona baba mdogo na buti lake.

Remarque aliyaweza kwenye karatasi yale ambayo Paul hakuyaweza mezani kwa baba yake. Karatasi haikatizi. Haisemi "kisha ikawaje?" Haimwonei fahari mtu.

Koplo Mstaafu

Nimesoma kimya tangu jana, ngoja niseme.

Nimevaa gwanda miaka ishirini na miwili. Mahali nilikokwenda sitapataja, na wenzangu hawatatajwa.

Swali ambalo raia huuliza kwanza ni "uliua wangapi?" Nimeulizwa na watu wazima wenye heshima zao, nimeulizwa na watoto. Anayeuliza hana ubaya. Ila swali lile likishatoka, mlango umefungwa, na hata akija kuuliza vizuri baada ya mwaka mmoja, mimi namkumbuka kwa lile la kwanza.

Mnashangaa kwa nini tunasimulia buti, soksi, sigara, chupa ya maji. Nitawaambia inavyokuwa. Ukiwa kwenye lindo usiku, akili inabana, inakuwa nyembamba. Huoni vita. Hakuna mtu aliyewahi kuona vita, vita wanaviona wenye ramani. Wewe unaona kamba ya buti iliyolegea, unaona sisimizi wanapita juu ya kitako cha bunduki, unasikia mwenzako anameza mate. Baada ya miaka thelathini ukiambiwa simulia, kilichomo kichwani ni hivyo hivyo vitu. Hatufichi. Mara nyingi hicho kidogo ndicho chote tulichokibeba.

Jambo la pili, na hili wasomaji mlishike. Jeshini tangu ukuruta, tangu depo, unafundishwa "tu". Tulikwenda. Tulilala. Tulishambuliwa. Mkosaji mmoja, adhabu ya kombania nzima. Ukimsikiliza askari anasimulia, fuata kiambishi. Akiwa kwenye "tu" yuko salama. Akihamia kwenye "ni", au akimtoa mtu mmoja akasema "a", usipumue. Usiulize. Hapo ndipo penyewe.

Mleta uzi, nina neno kwako hasa, na nalisema kwa heshima ya mzee wako. Umeandika kwamba husema nikarudi, nikainama, nikalivuta. Mmetembea mstari mmoja, usiku, kimya, mvua. Kwenye mstari wa namna hiyo mtu harudi nyuma. Ukirudi unamgonga wa nyuma yako, mstari unakatika, na mstari ukikatika gizani watu wanapotea. Buti likibaki topeni, anayelifikia ni wa nyuma yako.

Sisemi anadanganya. Nasema fikiri.

Kandili

Afande... nimesoma hilo la mwisho mara nne. Nitarudi.

Mama Wawili

Shikamoo Koplo. Umenigusa.

Mimi ni muuguzi, na muda mrefu nimefanya zamu ya usiku kwenye wodi za wanaume. Askari wa zamani mchana wanataniana na kubishana mpira kama wagonjwa wengine. Saa tisa usiku ndiyo saa yao. Unakuja kubadilisha dripu, taa imefifia, anaanza kuzungumza bila kukutazama. Nilijifunza kutomtazama na mimi. Unashughulika na dripu, unakunja shuka ambalo halihitaji kukunjwa, mikono iwe na kazi. Siku moja nilikaa kwenye kiti nikamgeukia, nikidhani ndiyo heshima. Akanyamaza pale pale. Alikuwa anazungumza na giza, nikamwondolea giza lake.

Kuhusu nani anaharibu simulizi, someni Svetlana Alexievich, yule wa Belarus aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Katika jeshi la Kisovieti la vita vya pili walihudumu wanawake wapatao milioni moja: wauguzi, walenga shabaha, marubani, wapiga mizinga. Alizunguka na kinasa sauti miaka mingi akiwasikiliza. Anaeleza nyumba moja ambamo mume na mke wote walipigana. Mume anamwachia mkewe aongee, lakini kabla hajaondoka anamkumbusha asimulie kama alivyomfundisha, bila machozi na bila mambo madogomadogo ya kike. Na mke anakiri kwamba usiku kucha mumewe alikaa naye akimsomesha kitabu cha historia ya vita, maana alihofia atakosea. Fikirini hilo. Mwanamke alikuwako, risasi zimempita sikioni, halafu anasomeshwa usiku kucha vita vyake mwenyewe.

Na hayo "madogomadogo" ndiyo yaliyokuja kukifanya kitabu. Msichana analia kwa sababu wamemkata nywele. Suruali za kiume, buti kubwa kuliko mguu. Koplo umesema akili inabana inashika kitu kidogo. Wale wanawake walikuwa wanasema jambo lile lile, na watu wao wa karibu ndio waliowaambia halina maana.

Kijana wa Zamu

Mama Wawili, hapo umenisogeza. Sijahama kabisa, lakini nimesogea.

Niongeze jambo linaloniuma. Nairobi kuna sanamu la Askari la miaka ya 1920, la waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, na Dar es Salaam lipo jingine. Maandishi yake yanamwambia askari kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nilisimama nikasoma. Kisha nikazunguka sanamu zima nikitafuta majina. Hakuna jina hata moja. Wapagazi waliokufa kwa kuhara na kwa njaa wakiwa wamebeba masanduku ya risasi ni maelfu mengi, na ahadi yao iliyochongwa ni kwamba jina litakumbukwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza msikilizaji alisikiliza vipi, tuulize nani alipewa kalamu. Afisa wa Kizungu alikuwa na shajara, mpagazi hakuwa nayo. Vita vya pili angalau tulipata wachache. Waruhiu Itote wa Kenya alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) huko Burma, baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau, na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1967. Anasimulia mazungumzo na askari Mwingereza huko mstari wa mbele aliyemuuliza kwa uwazi: mimi nikifa hapa nimeifia nchi yangu, wewe ukifa nchi yako itapata nini? Itote anasema swali lile halikumtoka tena. Huo ndio msikilizaji na msimuliaji kubadilishana viti: swali moja la ukweli, na mtu anabadilika maisha yake.

Ubeti wa Nane

Kijana, wapagazi wale kalamu hawakuwa nayo, lakini midomo walikuwa nayo.

Neno Kariakoo lenyewe ni simulizi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, jina lililopita kwenye midomo yetu mpaka likawa la kwetu, na sasa watu wanauza na kununua juu yake bila kusikia ndani yake mtu aliyebeba sanduku kichwani. Na ule wimbo wa kutembea wa Keya, Funga safari, ambao hata watoto wameurithi: amri ya nani? Amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya. Uimbe polepole peke yako usiku, uone. Mtu anajiuliza safari hii ni amri ya nani, na jibu halina jina lake wala nchi yake. Nadhani swali alilokutana nalo Itote kule Burma lilikuwa limeshaimbwa miaka mingi kabla, tena kwa sauti kubwa mbele ya hao hao makapteni.

Nilisema utenzi hauna nafasi ya mtu mmoja. Wimbo wa kwata nao umejaa "tu", kama anavyosema Koplo. Lakini swali likiwekwa ndani ya wimbo, linabaki.

Kijana wa Zamu

Nakubali. Na lugha ndiyo penyewe. Ken Saro-Wiwa alipoandika Sozaboy mwaka 1985, habari ya kijana wa kijijini anayeingia jeshini kwa kutamani gwanda na kumfurahisha msichana, hakumpa Kiingereza cha shule. Alimpa kile kibovu anachokisema kweli, na makosa yake yote. Kijana haelewi vita ni vya nini, na lugha yake nayo haielewi, kwa hiyo msomaji anaingia kwenye giza lile lile. Waandishi wetu wengi wakimwandika askari wanampa Kiswahili cha taarifa ya habari. Askari wa kweli anasema lindo, kwata, gwanda, depo, "afande nimesimama". Mpeni lugha yake.

Koplo Mstaafu

Hilo la lugha ni kweli tupu.

Marahaba Mama Wawili. Ulivyosema kuhusu kukunja shuka, kuna madaktari wenye vyeti vikubwa hawajui hilo.

Mama Wawili

Asante Koplo. Kuna kitu nilikisoma kazini, huenda kikakupendeza. Marekani kuna watu wanaochukua mchezo wa kuigiza wa Sophocles, Mgiriki wa kale, uitwao Ajax, wanawasomea wanajeshi na wake zao. Sophocles mwenyewe aliwahi kuwa jemadari wa Athens, na waliokuwa wakitazama michezo ile wengi walishika mkuki. Ajax ni askari hodari wa vita vya Troy, ananyimwa heshima anayoistahili, akili inamhama, anachinja mifugo akidhani ni maadui zake. Anapozinduka na kuona damu, aibu inamshinda, anajiua. Mkewe Tecmessa yuko pale, na ndiye anayewaambia watu kilichotokea ndani ya hema. Waigizaji wakimaliza kusoma, wanaachia ukumbi uzungumze, na mara nyingi wake ndio husimama kwanza: huyo ni mume wangu.

Mchezo una miaka karibu 2,500. Haukuwauliza "uliua wangapi". Ulianza kusema wao wenyewe wakiwa wamekaa gizani.

Ubeti wa Nane

Ukitaja Troy umenikumbusha Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale. Odysseus amepotea baharini miaka, anatupwa ufukweni kwa watu asiowajua, mfalme Alcinous anamkaribisha bila kumuuliza jina. Ukumbini kuna mtumbuizaji kipofu, Demodocus, anaimba vita vya Troy, hajui kwamba mmoja wa waliopigana amekaa mbele yake. Odysseus anavuta joho lake la zambarau anafunika kichwa ili asionekane analia. Ukumbi mzima unafurahia wimbo. Mfalme peke yake, aliyekaa karibu, ndiye anayemwona, na hasemi kitu. Anasimamisha nyimbo, anasema twendeni nje kwenye michezo.

Jioni wimbo unarudi, safari hii wa farasi wa mbao na mji kuanguka, na Odysseus mwenyewe ndiye aliyeuomba. Analia tena. Homer anasema analia kama mwanamke aliyemkumbatia mumewe aliyeuawa akiutetea mji wake, huku maadui wanamchoma mgongoni kwa mikuki wampeleke utumwani. Yaani mshindi analia kilio cha yule aliyemshinda. Hapo ndipo mfalme anamuuliza kwa upole: wewe ni nani, na kwa nini unalia ukisikia habari za Troy? Ndipo Odysseus anasimulia, usiku kucha.

Kandili, hoja yako iko pale pale kwa Homer. Vita vililetwa kwake na mtu mwingine kwanza, kwa wimbo. Mtu mmoja akamwona, akanyamaza. Swali likaja mwisho kabisa.

Mama Wawili

Na kwa Bao Ninh pia. Alipigana upande wa Vietnam Kaskazini, kwenye kikosi cha vijana 500, wakabaki kumi. Katika riwaya yake, Kien baada ya vita anafanya kazi ya kukusanya mabaki ya wenzake msituni. Kisha anaandika usiku, kurasa bila mpangilio. Anayezitunza kurasa hizo ni mwanamke bubu anayeishi jengo hilo hilo. Anamsikiliza akiwa amelewa, na hana uwezo wa kumkatiza hata akitaka. Nilisoma hapo nikajua mwandishi anajua anachokisema.

Mpita Njia

Mleta uzi yuko wapi? Siku ya tano hii.

Kandili

Nimerudi, wakuu. Samahani kwa ukimya.

Nilikwenda kumwona baba mdogo. Sikwenda na swali. Nilibeba viatu vyangu viwili vilivyobanduka soli na gundi ya fundi, maana yeye ana mkono mzuri wa kazi hizo, nikakaa naye nje jioni tukivitengeneza. Mama Wawili, nilikukumbuka: mikono iwe na kazi, na usimtazame.

Tulikaa kimya muda mrefu. Akakibonyeza kiatu cha kushoto chini ya jiwe ili soli ishike, akasema, bila kuinua uso, kwamba tope la kule lilikuwa linabandua soli hivi hivi. Nikasema, "Eeh." Basi. Nilikuwa naogopa hata kugeuza shingo.

Akaanza kisa chake. Usiku, mvua, mstari mmoja. Nilikuwa nayajua maneno yote, nilikuwa naweza kuyasema pamoja naye. Mguu ukatoka, buti likabaki.

"Akainama," akasema. "Akalivuta. Akanipa mkononi."

Miaka yote hiyo ilikuwa nikainama, nikalivuta.

Koplo, sikuuliza ni nani. Akaendelea mwenyewe, akalitaja jina, ambalo sitaliandika hapa. Akasema yule alikuwa wa nyuma yake tangu walipoanza kutembea, na kwamba alipoinama mstari ulisogea, kwa hiyo alipoinuka hakuwa tena nyuma yake, alikuwa pembeni, nje ya njia. Akasema buti lilikuwa limejaa tope ndani na hakukuwa na muda wa kulikung'uta, akalivaa hivyo hivyo, akatembea nalo hivyo hivyo mpaka kulipokucha.

Hakusema kilichotokea pale pembeni ya njia. Hakuiga ile sauti ya ng'ombe.

Aliondoa jiwe, akakikagua kiatu, akanipa. Soli ilikuwa imeshika. Nikaingia ndani kumletea maji kabla hajaomba.